Aliyemaliza Kifungo na Msimu wa Kulungu Huku Pennsylvania

Huku Lancaster tunakoishi, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, ni siku ya kulungu. Msimu wa bunduki unafunguliwa, na kabla hakujapambazuka barabara za kuelekea milimani zimejaa mapikapu: baba na binti, babu na wajukuu, wote wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa inayowaka ili mwindaji mwingine asiwadhanie mnyama. Zamani ufunguzi ulikuwa Jumatatu na shule zikifungwa. Zipo ambazo hata leo bado zinafunga Jumatatu hiyo.

Msimu ukikaribia, swali moja huzuka kazini na hata kanisani: mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa zito la jinai, lile wenyeji wanaloliita feloni, aende kuwinda na wenzake au abaki nyumbani? Mimi nasema aende. Sababu zangu nitazieleza, ila kwanza sheria ilivyo, maana kwenye vikundi vyetu vya Waafrika Mashariki nasikia mengi ambayo yanaweza kumtia mtu matatani.

Leseni ya kuwinda huku Pennsylvania haimkatai mtu kwa sababu aliwahi kufungwa. Kinachokatazwa ni bunduki. Sheria ya serikali kuu inayotumika ni ya mwaka 1968. Rais Lyndon Johnson aliitia saini mwezi Oktoba, miezi michache baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa kwa risasi. Inasema kwamba aliyepatikana na kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Haijalishi kama alilala rumande usiku mmoja au alipewa kifungo cha nje tu. Inaangaliwa adhabu ambayo hakimu angeweza kuitoa. Tangu 2022 anayeivunja anaweza kufungwa hadi miaka 15. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni inatosha. Bunduki ya mke ikiwa kabatini, naye mume ana ufunguo, mahakama inaweza kuamua kwamba ni ya wote wawili.

Gobore, ile ya kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, serikali kuu haiihesabu kuwa bunduki katika katazo hilo. Lakini majimbo yana sheria zake, na liko jimbo kama Wisconsin ambako hata gobore mtu huyo haruhusiwi kuishika. Kwa hiyo wengi wao hutumia upinde.

Nina rafiki, fundi wa mashine pale ninapofanya kazi, mtu wa makamo. Alipokuwa kijana mdogo alikamatwa akiuza kokeini, akafungwa, akatoka, na tangu hapo hajarudi kortini. Jioni za Septemba humkuta nyuma ya nyumba yake na upinde wa kisasa, ule wenye kapi mbili na kamba zinazopishana. Kabla ya kutupa mshale anauzungusha kidoleni, akiutazama kwa jicho moja kama umepinda hata kidogo. Anavuta kamba mpaka kwenye pembe ya mdomo, anatulia, anaachia. Gunia lake la matambara liko hatua ishirini hivi na hapendi kulisogeza mbali zaidi. Nilimuuliza kwa nini, na upinde wenyewe una nguvu za kufika mbali kuliko hapo. Akaniambia kwamba mbali kuliko hapo hana hakika atampiga mnyama palipo na moyo na mapafu, na kulungu aliyejeruhiwa tumboni huenda akafa polepole usiku kucha mahali ambapo hutampata. Alinieleza hayo kwa uchungu, kana kwamba yalimtokea mtu wa familia yake. Sasa niambieni: mtu anayefikiri hivyo ndiye tunayemwogopa porini?

Baba yake alikuwa mwindaji. Kaka zake ni wawindaji, na kila Novemba wanakwenda kwenye kibanda cha familia huko kaskazini, wanalala siku kadhaa, wanapika, wanasimuliana. Yeye haendi. Hofu yake ni kulala chumba kimoja na bunduki za kaka zake, polisi wakaja kwa jambo lingine, akahesabiwa kuwa nazo yeye. Kwa hiyo huwinda peke yake Oktoba, msimu wa upinde, na wakati ukoo mzima uko pamoja yeye yuko zamu kazini. Hicho ndicho kifungo ambacho hakimu hakukitamka na ambacho hakina siku ya kwisha.

Na wako wengi. Watafiti walikadiria kwamba kufikia 2010 Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 19 wenye hukumu za aina hii, na miongoni mwa wanaume weusi ni karibu mmoja kati ya watatu. Ukiwaweka kapu moja, umechanganya muuaji na mtu aliyejaza fomu vibaya.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mwaka 1995, hapa hapa kaunti ya Lancaster, mwanamume aliyekuwa akikata nyasi kwa malipo ya chini ya dola 10 kwa saa, mwenye watoto watatu, alikiri kosa la kutotaja kipato chote kwenye fomu ya msaada wa chakula. Alirudisha dola 2,458, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Gerezani hakuingia. Lakini kosa hilo lingeweza kuadhibiwa kwa hadi miaka mitano, basi akapoteza haki ya bunduki maisha yake yote, na bunduki yake ya kuwindia kulungu ikabidi aiuze. Alishtaki. Mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilimpa haki mwaka 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ikairudisha kesi iangaliwe upya, na Desemba 2024 majaji wa rufaa wakampa haki tena. Uamuzi ule unamhusu yeye na hali yake. Rafiki yangu wa kokeini bado yuko pale pale.

Linganisheni na hili. Mwanafunzi kutoka Nakuru au Arusha, aliyeingia juzi kwa viza ya muda, kwa kawaida naye haruhusiwi bunduki. Ila sheria ina milango michache, na mmoja ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kwa hiyo mgeni asiyejua hata njia ya kwenda sokoni anaweza kushika bunduki ya kuwindia, na mzaliwa wa hapa aliyefanya kosa la fomu miaka 30 iliyopita asiweze. Mimi sioni usalama unaolindwa hapo.

Kuna watu ambao siwatetei. Aliyempiga mkewe, aliyemtishia mtu kwa silaha, aliyeua: hao wakae mbali na bunduki, na uwindaji usiwe kisingizio cha kuwarudishia. Katika jumuiya yetu yuko mama aliyehama mji kumkimbia mume, na kila nikisikia hoja za haki za silaha humfikiria yeye kwanza. Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa vitisho vya nyumbani anyang'anywe bunduki. Nilifurahi, na sibadiliki. Ninachodai ni kwamba hakimu aangalie alichofanya mtu na alivyoishi tangu hapo.

Huenda nalisikia jambo hili kwa uzito kwa sababu nimezaliwa Taita, kwenye mashamba yanayopakana na mbuga ya Tsavo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwetu aliyekutwa na paja la digidigi alikwenda kizimbani Voi. Lakini wazee walitusimulia ya nyuma zaidi, ya Waata, mabingwa wa upinde na mishale ya sumu, waliokuwa wakiwaua tembo kabla mbuga haijachorewa mipaka. Katika miaka ya 1950 askari wa wanyamapori waliwasaka, wakawajaza magerezani. Kisha mwaka 1960 serikali ile ile ya kikoloni ikaanzisha mpango kando ya mto Galana, chini ya Ian Parker, ofisa wa wanyamapori, ili Waata, wakiwemo waliotoka kifungoni, waajiriwe kuwinda tembo kwa kibali. Mpango ule haukudumu, na Waata wenyewe hawakunufaika walivyoahidiwa. Hata hivyo kuna mtu serikalini aliyeona kwamba mfungwa wa jana anaweza kuwa mwindaji halali wa leo, tena wa tembo. Amerika ya kulungu inashindwaje?

Wenzangu wenye kadi ya kijani, hapa nisikilizeni vizuri. Kosa la bunduki linaweza kukurudisha nyumbani hata kama umekaa hapa nusu ya maisha yako, na mwenye hukumu nzito akikutwa na bunduki, uhamiaji unaiweka kesi hiyo kwenye daraja la makosa mabaya kabisa. Usimwazime bunduki mtu mwenye rekodi, maana kumpa nalo ni kosa. Kama rekodi ni yako, usipande gari lenye bunduki kabla hujazungumza na wakili.

Njia ya kurudishiwa haki imo ndani ya sheria tangu zamani. Mtu anaomba, anachunguzwa, anakubaliwa au anakataliwa. Ila kuanzia 1992 Bunge limekuwa likizuia fedha za kushughulikia maombi ya watu binafsi, kwa hiyo mlango upo na hauna mtu wa kuufungua. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ilianza kuufufua utaratibu huo kwa kanuni mpya. Nataka uendelee, waliotumia nguvu dhidi ya watu wawekewe kizuizi kikali, na maskini asiye na wakili aweze kuomba kwa kalamu yake mwenyewe. Wenye uraia, mwandikieni mbunge wenu.

Mimi nimeshamaliza kozi ya usalama ambayo jimbo linamtaka kila mwindaji mpya aipitie, na nimenunua leseni pamoja na kibali cha upinde. Rafiki yangu anataka mtu wa kwenda naye Oktoba, wa kukaa kwenye dungu la pili na kumsaidia kuburuta mnyama. Bunduki nitaiacha hata nikiipata, kwa sababu haiwezi kuingia kwenye gari lake.