Nastashiamu zangu: mtego ulionasa wadudu wengine

Wiki ya 1. Nimepanda mbegu 12 za nastashiamu, maua ya bustani, kando ya tuta la sukuma wiki, hapa Lushoto. Mbegu ni kubwa kama njegere, zimekunjamana. Nililoweka usiku kucha, nikafukia sentimita 2. Sitafuti urembo peke yake. Nimeambiwa maua haya huvuta vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, mboga zikapumua.

Wiki ya 2. Zimeota tisa.

Wiki ya 6. Nimekosea: samadi nilimwaga bila huruma. Majani yamekuwa kama visahani, maua mawili tu. Mmea huu asili yake milima ya Andes, na ukishiba unasahau kutoa maua. Lakini asubuhi napenda kuutazama: tone la umande linabingirika juu ya jani bila kulilowesha, kama kwenye jani la gimbi.

Wiki ya 8. Vidukari! Weusi, wamebanana kwenye vikonyo hadi kijani hakionekani, na sisimizi wanapanda na kushuka kulamba utamu wao. Nikashangilia. Kisha nikageuza jani la sukuma wiki: nako wamejaa, ila wa kijivu, kama wamepakwa unga. Kumbe hao ni aina nyingine, chakula chao ni jamii ya kabichi, nastashiamu haiwahusu. Wale weusi ndio wapenzi wa maharage, na maharage yangu yako hatua tatu kutoka hapo. Mtego gani huu? Nimewafungulia gesti.

Wiki ya 9. Nimekata matawi yaliyoelemewa, nikayazamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Yaliyobaki nimenyunyizia jioni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, upande wa chini wa majani. Siku ya tatu nikakuta vijidudu vyeusi vyenye madoa ya machungwa, umbo la mamba mdogo, vinatafuna vidukari. Mama jirani akasema, "Mwanangu, puliza dawa, hao nao wadudu." Nikamweleza ni watoto wa wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, nao hula vidukari. Sabuni nimeiweka kando.

Wiki ya 11. Vidukari wamepungua sana, yamebaki magamba meupe. Nimepanda mbegu nyingine kule kwenye ua, mbali na maharage, bila samadi. Mama jirani kaonja jani la nastashiamu, kakohoa kwa ukali wake, kaomba jingine.