Siku Moja na Vijidudu Vinavyokula Maji ya Mawese

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Bukavu ikiwa haijaachia, nilifungua bomba la chini la tangi letu la lita 1,000 la kutengenezea gesi ya kuwaka hapa Kadutu, nikapigwa na harufu kali ya siki badala ya ile ya matope niliyoizoea. Jana mwenzangu, akihofia bidoni (madumu) zisijae uani, alimimina lita 60 za maji machafu yanayobaki mawese yakikamuliwa, kwa mkupuo, ilhali chakula cha siku ni lita 20.

Karatasi ya kupimia uchachu ilionyesha pH iko chini ya 6; kadiri namba hiyo inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Ndani ya tangi mna vijidudu vya aina mbili: vya kwanza huyavunja mafuta na sukari kuwa asidi, tena kwa pupa, vya pili, ambavyo ndivyo vinavyotoa metheni, gesi yenyewe inayowaka, huila asidi hiyo taratibu na hulegea pH inaposhuka chini ya 6.5 hivi. Ukivilisha kupita kiasi, vya kwanza hushiba na vya pili hulemewa.

Saa mbili zilifika bidoni nyingine kutoka upande wa Fizi, zimelala njiani. Kwa kila tani ya mawese, kinu kikubwa huacha takriban tani 2.5 za maji haya mazito ya rangi ya udongo. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vya humo huyala na kumaliza oksijeni, samaki wakafa. Mafuta yaliyoelea niliyaengua, nikampa mama jirani anayepika sabuni.

Kuanzia saa tatu hadi saa sita nilitia chokaa ili kupunguza uchachu, kijiko baada ya kijiko, nikikoroga na kupima. Wengi husifu jivu kwa kuwa halinunuliwi, lakini mimi siliamini, maana nguvu yake hubadilika kila jiko.

Baada ya bugali na sambaza, nilichoma fimbo ya chuma katika lundo la vikonyo vya chikichi tulilolizungushia tangi, nikaichomoa ikiwa haishikiki. Joto hilo ni la vijidudu pia, na ndilo linalolisogeza tangi karibu na nyuzi 35 ambazo vijidudu vya ndani huzipenda.

Jioni pH ilifika 6.4. Niliandika kwa makaa kwenye mfuniko: «Hakuna chakula hadi Alhamisi.» Mwenzangu akasoma, akageukia bidoni.

«Hata nusu, kaka?»