Ndani ya HMS Cavalier

Jamani, Jumamosi nilipanda destroya (manowari ya kasi) HMS Cavalier pale Chatham, Uingereza, na mpaka leo mapaja yananiuma kwa zile ngazi za chuma. Iliingia kazini 1944. Februari 1945 ikasindikiza msafara wa meli kutoka Urusi, kwenye dhoruba na baridi ya kugandisha staha. Mabaharia walilala vitanda vya kuning'inia, bega kwa bega.

Kilichonikuna zaidi ni mbio za 1971. Vikongwe wawili, Cavalier na HMS Rapid, walichuana maili 64 kwa wastani wa kasi ya noti 31.8 (karibu kilomita 59 kwa saa). Vali ya usalama ya Rapid ikafunguka na kuachia mvuke, Cavalier akapita kwa yadi 30 tu! Wa Rapid lazima walilalamikia vali ile miaka yote. Mwaka uliofuata, Cavalier akastaafishwa.