Kwenda rahisi, kurudi ndio shughuli

Nafanya kazi nyumba ya wazee huku Likoni, tuko na wazee watatu wa dayalisisi, yaani figo zao hazifanyi kazi na damu inasafishwa kwa mashine, kila mmoja mara mbili kwa wiki na hospitali yao iko ng'ambo, kule kisiwani. Watu wakisikia wanauliza pesa za mashine mnatoa wapi. Mashine SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipia jamani, lakini gari la kumpeleka mzee na kumrudisha halina mwenyewe, na hapo ndipo nimeona mgonjwa akikaribia kupotea.

Zamani tulikuwa tunashika tuktuk yoyote mpaka feri, tunavuka na kiti cha magurudumu, ng'ambo tunashika nyingine. Maji yakipwa ile njia ya kushukia ferini inakuwa mteremko mkali, watu wawili mnakishikilia kiti kwa nguvu zote. Alhamisi moja tulipatana na jamaa wa tuktuk aje kumchukua bibi mmoja kati ya hao watatu saa kumi na moja alfajiri, tukangoja mpaka kukapambazuka, simu haipatikani, kumbe kapata abiria wa Diani! Tulipofika nafasi ya bibi ishapewa mwengine, manake mtu anakaa kwa mashine kama masaa manne na foleni imepangwa. Tukaambiwa Jumatatu. Jumamosi usiku bibi hawezi kulala chali, amekaa kitako anahema, miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Figo hazitoi maji, yakikosa pa kwenda yanapanda kwa mapafu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Tukakimbizana usiku huo kutafuta gari. Alipona alhamdulillahi, lakini vile alivyokuwa akihema mpaka leo nasikia.

Sasa tuna dereva mmoja mwenye Noah, sote twamwita Ami, tunamlipa kwa wiki sio kwa tripu, yaani hana sababu ya kukimbilia abiria mwengine. Na kuna wa pili wa akiba. Feri ikileta shida wanazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, ni mbali lakini wanafika.

Kurudi sasa. Asubuhi mzee anatoka anaongea, akimaliza mashine presha imeshuka, kizunguzungu, misuli imekaza, mwengine hata kusimama hawezi. Kwa hiyo usimpangie dereva "njoo saa tano", presha ikishuka manesi wanamzuia mpaka akae sawa, inaweza kuwa saa saba. Ami anangoja pale pale na saa hizo za kungoja tunazilipia, wenye kusimamia pesa walilalamika mwanzo nikawaambia bora hizo kuliko mzee kuachwa kwa benchi na jua hili la Mombasa.

Halafu ule mkono wenye fistula, mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji ndipo sindano za mashine zinapodungwa. Mtu mwenye huruma akiona mzee hawezi kuinuka anamvuta mkono, na dereva wetu alifanya hivyo siku ya kwanza kwa nia njema kabisa. Nikamwambia Ami, huo hauvutwi, hauegemewi, haupimwi presha, ndio njia ya uhai wake. Na damu ikianza kutoka pale alipodungwa mnabana na gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, mnashikilia bila kuchungulia chungulia, isipokoma mnageuza gari kurudi hospitali. Gozi sasa anaweka mwenyewe kwa dashibodi.

Wiki ijayo Ami ana harusi Lamu. Yule wa akiba kesho anapanda na sisi, kwenda na kurudi, ajue mkono upi haushikwi kabla hajaachiwa bibi peke yake.