Unarudi Dar baada ya miaka mingi? Anza na vilivyokwisha muda

Watu wengi waliokaa nje muda mrefu huanza maandalizi ya safari na zawadi: nani apewe simu, shangazi apewe nini. Zawadi zingoje. Anza na vitu vilivyokwisha muda wakati haupo, maana hivyo ndivyo vinavyomkwamisha mtu kaunta ya ndege au kumlaza hospitali.

Cha kwanza ni pasipoti. Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki Januari 2018, na zile za zamani zilikoma kutumika mwisho wa Januari 2020. Mpya huombwa ubalozini, na alama za vidole utazitoa mwenyewe, hakuna wa kukutolea. Kama ubalozi uko nchi nyingine, hesabu nauli na siku za kazi zitakazokatika. Jipe miezi mitatu kabla ya kukata tiketi. Ukipata msiba wa ghafla, ubalozi hutoa hati ya dharura, lakini hati hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Ili urudi ulikotoka itabidi ushughulikie pasipoti ukiwa Dar, na wengi hulijua hilo wakiwa wamebakiwa na siku chache za likizo. Kagua pia kibali chako cha ukaazi cha huko unakoishi kisije kikaisha ukiwa likizo.

Mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa kawaida anaingia kwa viza kama mgeni, hata kama kazaliwa Temeke. Omba mtandaoni mapema. Viza ya kawaida ni dola 50, na mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100. Ile pasipoti ya zamani ya Tanzania usijaribu kuitumia.

Cheti cha homa ya manjano huulizwa kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo au aliyepita huko na kukaa zaidi ya saa 12. Wengi wetu tunaunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi, na nchi zote mbili zimo kwenye orodha. Ukilala mjini ukisubiri ndege ya kesho, beba cheti. Chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo kama unacho cha zamani kitafute kabatini kabla ya kulipia kingine.

Tiketi: Desemba ni ghali, na masika, Machi hadi Mei, mara nyingi ni nafuu. Ila masika barabara za mitaani zinajaa maji, na kutoka Gongo la Mboto kwenda Tegeta kunaweza kula nusu siku. Jambo moja nalisisitiza: usiunganishe tiketi mbili tofauti zenye muda mfupi kati yake. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina wajibu wa kukusubiri wala kukupa nafasi nyingine.

Kwenye mizigo, mashirika mengi hutoa kilo 23 kwa begi, na begi moja likizidi kilo 32 halipokelewi hata ukilipa. Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza, na uache kilo moja ya akiba kwa sababu mizani haifanani. Betri za akiba na paua benki ziende kwenye begi la mkononi. Usipange viatu na nguo kwenye mifuko ya plastiki, kwani ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Kimfuko kidogo cha zipu cha vipodozi kinaruhusiwa, mradi uondoke nacho. Tumia vitambaa, au tumia kanga utakazozigawa hukohuko. Simu mpya tano ndani ya maboksi yake zinamwambia ofisa wa forodha kwamba ni biashara, kwa hiyo weka risiti karibu. Fedha taslimu zinazofika dola 10,000 lazima zitamkwe.

Ndege za kimataifa sasa zinatua Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019. Kama unaunganisha kwenda Mwanza au Mbeya, soma kwenye tiketi jengo gani unaondokea. Anayeendelea na basi asiende Ubungo. Stendi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na kutoka uwanja wa ndege ni safari yenye foleni yake. Kwa Morogoro na Dodoma, treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, ilianza 2024, nami naipendelea kuliko basi. Beba kitambulisho.

Dola zilizochakaa, zenye maandishi au za matoleo ya kabla ya 2009 mara nyingi hukataliwa. Na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kulipia huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilisha mapema upate shilingi.

Laini yako ya zamani ilishafungwa, na huenda namba anayo mtu mwingine. Waambie ndugu wasiitumie pesa wala kuipigia. Laini mpya husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, au kwa pasipoti kama si raia. Ukishasajili, piga *106# uone namba zote zilizoandikwa kwa jina lako. Usishangae pia ukiambiwa Yas: ndiyo Tigo ya zamani.

Sasa malaria, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kinga uliyokua nayo ilitokana na kuumwa na mbu mara kwa mara, na ukikaa nje miaka inapungua sana. Watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Ndiyo maana Ulaya wagonjwa wengi wa malaria ni watu waliokwenda kusalimia ndugu: wanajiona wenyeji, hawamezi dawa, wanalala bila chandarua. Hatari inaongezeka ukipitiliza Dar kwenda Kigoma, Geita au Mtwara. Muone daktari wiki chache kabla. Dawa ya kinga ya atovaquone-proguanil huanza siku moja au mbili kabla ya safari, kila siku ukiwa Tanzania, na siku saba baada ya kurudi. Doxycycline huendelea wiki nne baada ya kurudi, na kuziacha katikati ndiko kunakoharibu kazi. Ukipata homa Dar, nenda ukapimwe: tone la damu ya kidole, majibu ndani ya dakika kama 20. Usimeze dawa mseto ya duka kwa kukisia.

Kama unarudi Ulaya, nyama na maziwa haviingii. Dagaa wakavu ruksa, hadi kilo 20. Ndizi, nanasi na nazi zinapita Umoja wa Ulaya bila cheti, lakini embe zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na bila hicho zinatupwa. Makombe na matumbawe ya baharini yaache ufukweni.

Ukishafika, homa yoyote ndani ya miezi mitatu mwambie daktari siku hiyohiyo kwamba umetoka Tanzania na unataka kipimo cha malaria. Huko wasipoambiwa, watadhani ni mafua.