Nilivyoikagua Prado ya Maili Nyingi Kabla ya Kuinunua Nakuru

Kazi yangu ya kutibu mifugo hunipeleka Molo, Elburgon na Mau Narok, ambako msimu wa mvua gari dogo halifiki hata langoni mwa mkulima. Nilihitaji Land Cruiser Prado ya dizeli, na fedha nilizokuwa nazo zilikuwa za gari lililokwisha kutembea sana. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Prado za umbo la 120, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2009, zimekwisha kukaa hapa nchini kwa miaka mingi, na kila moja ina maisha mawili ya kuchunguzwa: ya huko ilikotoka na ya barabara zetu.

Niliyoipenda ilikuwa Milimani, mjini Nakuru. Ilitengenezwa 2006 ikaingia nchini 2013, na mzee aliyekuwa akiiuza aliniambia imetembea kilomita 168,000. Nilipoketi kwenye usukani niliona kwamba tarakimu kubwa za kipimamwendo zilikuwa za maili, na zile za kilomita zilikuwa ndogo, zimepangwa ndani yake. Nyuma paliandikwa Land Cruiser tu bila neno Prado, kama yanavyouzwa magari hayo Uingereza. Kwa hiyo 168,000 zilikuwa maili, yaani takribani kilomita 270,000. Sidhani mzee alikusudia kunidanganya, kwa sababu yeye pia alilinunua gari hilo hapahapa na kuisoma namba kama alivyoikuta. Hata hivyo tofauti ya kilomita 100,000 hubadilisha bei, na pia hubadilisha orodha ya vipuri ambavyo muda wake umefika.

Sikuogopa ukubwa wa namba hiyo. Nilichotaka ni kujua kama ni ya kweli, kwa maana kilomita hushushwa kwa urahisi mno, na gari ambalo mwendo wake haujulikani ndilo hatari. Uingereza gari likifikisha miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, usomaji wa dashibodi huandikwa katika kila ukaguzi, na mtu yeyote anaweza kuisoma historia hiyo kwenye intaneti bila malipo akiwa na namba ya usajili ya huko. Namba ya zamani niliipata katika kijitabu cha sevisi kilichokuwa bado kimo ndani ya gari. Maili zilipanda mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma hata mara moja, jambo lililonituliza. Katika ukaguzi mmoja, lakini, mkaguzi alikuwa ameandika kwamba mabomba ya breki ya nyuma yameanza kushika kutu. Kwa gari lililotoka Japani, cheti cha kusafirishia gari nje huonyesha usomaji wa kilomita, na mnunuzi ana haki ya kukiomba. Muuzaji akisema kimepotea, basi itazamwe mipira ya pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva, kwa kuwa vitu hivyo huchakaa kulingana na matumizi.

Ile taarifa ya kutu ndiyo iliyonipeleka chini ya gari. Wakati wa baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kutoka ndani, hasa sehemu ya nyuma juu ya ekseli. Fundi wangu alilala chini na nyundo ndogo, akaigonga chesisi hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma akisikiliza. Chuma kizima hulia mlio mkavu na nyundo huruka. Kilicholiwa hutoa mlio mzito na magamba hudondoka. Magamba machache yalianguka karibu na tangi la mafuta, lakini chuma kilichokuwa chini yake kilikuwa imara. Mabomba ya breki yalikuwa yamebadilishwa. Kama ningekuta rangi nyeusi mpya imepakwa chini kote, ningeondoka, kwa sababu katika gari la umri huo rangi ya namna hiyo hunitia shaka kuliko kutu yenyewe.

Injini ndiyo iliyochukua muda mwingi zaidi. Ni ile ya 1KD-FTV, ya lita 3.0, yenye nguvu na uvumilivu mkubwa, lakini ina ugonjwa wake unaojulikana na kila fundi wa Toyota. Washa za shaba, yaani vipete vya kuziba vilivyo chini ya nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, zikianza kuvuja, moshi wa moto wa silinda huingia kwenye oili, oili hugeuka kuwa nzito kama lami, na masizi yake huziba chujio lililo ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini hukosa oili huku kipimio kikionyesha kwamba oili imejaa. Nilikuwa nimemwomba mzee asiiwashe kabla sijafika, nikagusa boneti kuhakikisha ni baridi, kwa kuwa mgongano wa nozeli zilizochoka husikika vizuri zaidi injini inapowaka ikiwa baridi. Iliwaka mara moja, ikagonga kidogo, kisha ikatulia. Tulifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, na hapakuwa na moshi unaosukuma kutoka ndani.

Kisha nikatoa pendekezo ambalo wauzaji wengi hulikataa: tumwage oili yote, tupitishe kamera ndogo kwenye tundu la sampu, nami nilipe oili mpya, ambayo ni kama lita 7, pamoja na filta. Mzee alikubali.

«Daktari, hapa ndipo injini hizi hufia,» fundi alisema akinipa simu nione picha. Chujio lilikuwa na weusi pembeni tu, na wavu wake ulikuwa wazi. Mashine ya kusoma injini nayo ilionyesha kwamba kompyuta ya gari inasahihisha kiasi cha dizeli cha nozeli ya tatu zaidi ya wenzake, dalili kwamba siku zake zinahesabika.

Gari tulilijaribu kwenye mteremko na mpando wa Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, si katika mitaa ya mjini ambako kila gari huonekana zima. Mpando huo mrefu hufichua rejeta iliyoziba na turbo iliyochoka. Joto lilibaki palepale na gia zilibadilika bila kushtuka. Tulipofika kwenye udongo niliingiza gia nzito na kuifunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa mota yake hukwama ikikaa miaka bila kutumiwa.

Upande wa karatasi nilimaliza haraka. Nilitafuta rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikalinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye chuma, na kuhakikisha kwamba hakuna benki iliyoandikwa pamoja na mwenye gari, dalili ya mkopo usiokwisha kulipwa. Fedha nilizituma mzee alipoanzisha uhamisho wa umiliki mbele yangu.

Katika kujadiliana bei nilimwekea mzee mezani gharama ya nozeli moja, washa mpya za nozeli zote nne, na mkanda wa taiming ambao hakuna karatasi iliyoonyesha umebadilishwa lini. Mkanda huo ukikatika vali hugongana na pistoni, na injini nzima huharibika. Alipunguza karibu kiasi chote nilichoomba. Gari lilitoka kwake likaenda moja kwa moja gereji, mkanda ukabadilishwa pamoja na pampu ya maji, na sikulipakia dawa wala vifaa vyangu hadi kazi hiyo ilipokwisha.