Siku moja maishani mwangu: mimi na punda wangu hapa Shela

Kila nyumba nyeupe unayoiona kwenye picha za Shela, kijiji chetu kisiwani Lamu, zile za ghorofa tatu na makuti juu na wageni wamejilaza wanaangalia bahari, ilipanda kwa mgongo wa punda. Kila jiwe, kila gunia la mchanga, kila mfuko wa simenti. Gari huku haliingii, vichochoro vyenyewe punda wawili waliobeba wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, sasa unadhani nani alibeba? Mimi ni mzaliwa wa hapa, nina punda wanne, na naandika hii kwa sababu watu wakisikia Shela wanadhani sote tunalala kwenye majumba yale na kuogelea uani.

Saa kumi alfajiri naamka, adhana bado. Ni bamvua, siku za maji makubwa, na kazi yetu inafuata maji haifuati saa ya ukutani. Wakati wa bamvua maji yanajaa alfajiri halafu yanarudi tena jioni kama saa kumi, katikati hapo pwani inakauka mpaka mashua zinalala ubavu. Na kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo ratiba ya wiki hii wiki ijayo haifai. Nawapa punda maji na pumba, nawaangalia mgongo mmoja mmoja kwa tochi ya simu. Mwenye kidonda habebi, amepumzika.

Naswali msikiti wa Ijumaa, ule wa 1829 wenye mnara mrefu, nikitoka ni moja kwa moja pwani na kijana wangu. Mashua moja imeleta mawe kutoka Maweni kule kisiwa cha Manda, nyingine imeleta simenti kutoka Mokowe, bara. Mawe hata yakilowa si neno. Simenti ndiyo inayotukosesha raha, lazima yote iwe imefika mjengoni kabla maji ya jioni hayajarudi, ikiguswa na maji ya chumvi imekwisha na hasara yenyewe haimfikii tajiri, inamtafuta mtu wa chini.

Saa moja mpaka saa mbili kazi inakwenda vizuri, simile simile, watu wanapisha, nanunua mahamri na mbaazi nakula nikitembea.

Saa mbili na kidogo hapo. Njia ya kwenda mjengoni inapita ubavuni mwa nyumba moja kubwa, nikakuta askari wa ile nyumba amesimama katikati ya njia. Ni kijana nimemuona akizaliwa. "Ami, niwie radhi, yeo usipite hapa, wageni wamefika usiku, bado wamelala." Nikamwambia mwanangu hii ni njia ya mji, bibi yako akipita hapa na ndoo yake kichwani. Akasema anajua, ila msimamizi wa nyumba kamwambia na mimi nikipita yeye ndiye ataulizwa. Sikumgombeza, ana watoto na kibarua chenyewe ndicho hicho. Nikampigia msimamizi, simu inaita tu. Nikapiga tena. Punda wamesimama na mzigo mgongoni, jua linapanda, nikawashusha mizigo nikaipanga ukutani maana punda hasimamishwi na mzigo bure. Alipotokea huyo msimamizi ni saa nne inakaribia, akaniambia wageni wamelipa pesa nyingi na kelele za punda hawazitaki, nisubiri wanywe chai kwanza au nizunguke.

Kuzunguka maana yake ni kupita nyuma, kwenye mchanga wa vilima. Mguu unazama, punda anazama, safari moja inakula muda wa safari tatu. Nikazunguka.

Na huko nyuma ndiko unakofikiria mengi. Ile nyumba sehemu kubwa ya mwaka imefungwa, iko na askari na mtunza bustani tu. Kabla yake palikuwa na nyumba ya watu tunaowajua, waliuza, watoto wao sai wamepanga Wiyoni, mtaa wa Lamu mjini. Siwalaumu waliouza, pesa ile iliwatibia mzee wao, lakini kijana wa Shela akitaka kuoa leo kiwanja hapa atakitoa wapi? Na hivyo vilima vya mchanga watu wanavyopigia picha, ndivyo vinavyoshika maji ya mvua, visima vyetu na maji ya Lamu mjini yanatoka hapo. Wazee wetu wanatuambia walihama Takwa, mji wa kale kule Manda ambao sasa ni magofu, kwa sababu visima viligeuka chumvi, na mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua kwenye lile kaburi la mnara. Kwa hiyo nikiona kidimbwi kingine cha kuogelea kinachimbwa mimi nahesabu maji. Na papo hapo simenti ya hicho kidimbwi ndiyo inayosomesha wanangu, nalijua hilo vizuri sana, na ndilo linalonichosha kuliko mchanga.

Sijui ilikuwa saa saba au saa nane, nyapara wa mjengo akaja mbio pwani, anaona mifuko bado mingi. "Pakia miwili miwili, maji yaja hayo!" Mfuko ni kilo 50. Punda wangu namtandika gunia nene namlaza mfuko mmoja, basi, kwa sababu pale kliniki ya Donkey Sanctuary, ambayo iko Lamu tangu 1987 na inatibu bure, nimewaona punda waliopakiwa kilo mia, ngozi imetoka na mguu haukanyagi. Nikamwambia bwana hapana. Akasema ataita mwenye punda mwingine. Nikamwambia mwite. Hakuita. Mimi na kijana wangu tukatia mabegani, mfuko mmoja mmoja, nyuma ya punda, kwenye mchanga ule ule, mpaka miguu ikawa inatetemeka. Mfuko wa mwisho ulitoka pwani maji yakiwa yashafika yalipokuwa mawe.

Malipo yakaja kwa simu, ya njia fupi. Mzunguko haukuhesabiwa, nyapara anasema hiyo ni shida yangu na wale wenye nyumba.

Jioni nimewaogesha punda baharini, nimewapaka dawa, halafu nimekaa na wenzangu wa punda barazani tumelizungumza hili la njia kwa sababu si mimi peke yangu linanipata. Tumekubaliana kesho baada ya alfajiri twende kwa mzee wa mtaa pamoja na yule msimamizi aitwe, na nyapara pia aje. Mimi nataka mawili: njia ya mji isifungwe na mtu, na mzunguko wa leo ulipwe. Mchanga wa kesho utasubiri hadi hapo.